Kilima cha Kijani, Zizi Tupu

Ikolojia tunayoifundisha hapa Chimwaga imejaa istilahi. Mwanafunzi aweza kufaulu mtihani wa mmomonyoko wa udongo bila kuwahi kulitazama korongo. Ndiyo maana wanafunzi wangu huenda nami Kondoa wakiwa na karatasi na penseli. Achoraye hulazimika kutazama.

Tunaanzia Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Watu wa kale waliwachora humo twiga, tembo na pofu kwa rangi nyekundu, wakatuachia kumbukumbu ya viumbe walioishi nao.

Kisha tunashuka makorongoni. Ukataji miti, kilimo na malisho yaliyopita kiasi viliichakaza ardhi hiyo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Nyasi na miti vikarudi. Manufaa hayo hayaishii Kondoa: Mto Bubu huteremka kutoka huko na kuishia katika kinamasi cha Bahi, wala haufiki baharini. Mchanga unaobaki kilimani haumfikii mkulima wa mpunga wa Bahi.

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa huko, alichora kilima chenye miti, na chini yake zizi tupu. Wenzake wakamwuliza ng'ombe wako wapi. Akajibu kwamba babu yake aliwaswaga nje ya eneo lile, na hakurudi nao. Tulijadiliana hadi jua likazama. Waliotetea amri ile walionyesha kilima. Waliopinga walionyesha zizi. Nikawakumbusha kwamba miaka kadhaa baadaye ufugaji wa zizini uliruhusiwa. Mmoja akauliza kwa nini njia hiyo haikutangulia.

Swali hilo halimo katika mtaala wetu, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote. Wengi wa vijana hawa kesho watakuwa maofisa wa halmashauri, wakiandaa mipango ya kuokoa mito na misitu. Ndugu zangu mlioko ofisini leo, ramani zenu zinaonyesha miti itakayopandwa. Chorani na mazizi pia, kabla ya kutia saini.