Huduma ya Nyuzi Nne



Somo letu leo ni 1 Nyakati 25:6-8. Fungua Biblia yako usome kwanza, halafu urudi hapa.

Umesoma? Hao walikuwa watu 288, wote wamefundishwa kumwimbia Bwana na kupiga vyombo. Angalia jinsi zamu zao zilivyopangwa. Hakuna aliyepewa nafasi nzuri kwa ajili ya umri au cheo. Aliyefundisha na aliyefundishwa walipigiwa kura moja, pamoja.

Nimelibeba neno hilo tangu mwezi wa tatu, kwa sababu siku hizi mwalimu wangu ana miaka 20, na mimi natosha kuwa baba yake.

Wengi mmeuliza kwa nini wakati wa sifa hamnioni tena kiti cha mbele, mnaniona nyuma, kando ya ngoma, nimeshika gita la besi. Jibu ni fupi. Kijana wetu wa besi alipata kazi Qatar. Tulimwombea, tukamsindikiza mpaka uwanja wa ndege, akaenda. Gita ni la kanisa, likabaki limeegemea ukuta wa mabati. Mama yake akiingia ibadani alikuwa akitazama kwanza ile kona kabla hajaketi.

Kisha shida ikaanza kwa wanamuziki. Mpiga ngoma alisema mpiga kinanda anakimbia. Mpiga kinanda akasema ngoma ndiyo inaburuta. Kila mmoja alikuwa kijana mzuri, ameokoka, ana kipawa, lakini hapakuwa na kitu katikati yao. Kufikia wiki ya tatu mmoja alikuwa amepata kanisa lingine lililomwahidi nauli. Wazee walishauri kinanda kipige besi kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo makanisa mengi hufanya na si vibaya. Lakini mimi niliona tunapoteza vijana wawili kwa sababu ya kiti kimoja kilicho wazi. Nikamwambia mpiga ngoma, "Nifundishe." Aliyeondoka alikuwa amemwonyesha yale ya msingi.

Somo la kwanza lilikuwa noti moja. Saa nzima. Akaniambia, "Pasta, sikiliza mguu wangu. Ngoma ya mguu ikigonga, uko hapo. Si kabla, si baada." Vidole vilitoka malengelenge, vikapona, vikawa vigumu. Nyuzi ni nne tu, E, A, D na G, lakini ni nene, na zinataka nguvu na subira.

Wanamuziki wana neno lao, gruvu. Usidhani ni kupiga haraka au kupiga noti nyingi. Ni watu wawili kukubaliana pigo linakaa wapi, na kulirudisha palepale kila mara, mpaka mama aliye nyuma aanze kutikisa kichwa bila kujua. Tena ni kunyamaza. Ukilegeza kidole cha kushoto uzi unakata sauti, na kile kimya kidogo ndicho kinachowapa watu nafasi ya kupiga makofi.

Nenda pale relini Kibera uangalie. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikafika Kisumu mwaka 1901. Treni haiendi kwa sababu ya taruma moja zuri. Inaenda kwa sababu mataruma ni mengi, yamelala kwa nafasi sawa, na yamekubali kulala chini. Abiria hutazama dirishani. Hakuna anayetazama mataruma.

Mji huu unajua besi. Wale waliokuwako miaka ya sabini na themanini wanakumbuka Les Mangelepa, Super Mazembe, na benga ya D.O. Misiani, ambamo besi haikujificha kabisa. Nasi tuliookoka tulimwona Abraham Laboriel katika kanda za Ron Kenoly, yule Mmeksiko anayepiga besi huku akirukaruka kwa furaha. Alipoteza ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto akiwa mtoto, mkono uleule unaobonyeza nyuzi. Mungu alimtumia na vidole vilivyobaki. Wewe unayesema huna cha kutosha kumtumikia Bwana, hebu mfikirie huyo.

Yuko mwingine, James Jamerson wa Detroit. Karibu nyimbo zote zilizojenga jina la kampuni ya Motown miaka ya sitini zimesimama juu ya besi yake. Lakini kampuni haikuwa ikiandika majina ya wapigaji kwenye jalada, na jina lake halikuanza kuandikwa mpaka mwaka 1971. Dunia ilicheza miaka yote hiyo bila kujua inachezeshwa na nani.

Ndugu, kuna watu kanisani wanaishi hivyo. Anayefagia Jumamosi usiku. Anayechota maji. Anayefunga kwa ajili yako na hajawahi kukuambia. Siku wakiondoka, tunaanza kulaumiana kama ngoma na kinanda, na hatujui kilichopungua ni nini.

Jambo moja la upendo pia nimejifunza. Sauti nyembamba huzuiliwa na ukuta, lakini sauti nzito hupenya. Jirani yetu ni soja wa usiku, hulala mchana. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 zinataja kelele na mtetemo pia, lakini sisi hatungoji askari. Tukifanya mazoezi mchana tunapunguza amplifaya mpaka tunasikizana kwa shida. Na hapo ndipo tunapiga vizuri zaidi, kwa sababu kila mtu analazimika kumsikiliza mwenzake. Sifa inayomnyima jirani usingizi haiwezi kumvuta kwa Yesu.

Sasa nisikilize vizuri.

Huko Qatar kazi si rahisi. Mshahara wa kijana wetu ulichelewa miezi miwili, na alikonda. Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika, na Ijumaa jioni sisi hufanya mazoezi kabla ya kesha. Kwa hiyo hupiga simu, tunaiweka juu ya kiti, naye anasikiliza kwa spika ya simu, kwa sababu wenzake wa chumbani nao wanataka kusikia. Kuna shida moja. Uzi mnene wa besi ukiupiga wazi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito hivyo. Anasikia waimbaji, kinanda na ngoma. Chombo chake mwenyewe hakisikii.

Ijumaa moja nilimuuliza, "Unanisikia lakini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pasta, wewe sikusikii. Lakini najua uko ndani. Hao wawili wametulia."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia baadaye, "Mimi sijui mambo ya muziki. Lakini hiyo kitu ikilia naisikia kifuani. Na kijana wangu namwombea vivyo hivyo. Hanisikii, lakini natumaini ametulia."

Mpendwa, hayo maombi yako ya saa tisa usiku, ambayo mtoto wako aliye mbali hayasikii, usiyaache. Kutosikika si kutofika. Rudi palepale kesho, kwa pigo lilelile.

Nawe mwanamuziki unayehama kanisa hadi kanisa kwa ajili ya nauli, sikuhukumu, najua stima na kodi ya nyumba hazilipwi kwa makofi. Lakini tafuta mahali utakapokaa mpaka ujue mguu wa mpiga ngoma wako. Kipawa huja na mtu. Umoja hujengwa Ijumaa kwa Ijumaa. Katika 2 Nyakati 5 wingu halikujaza nyumba kwa sababu ya mpigaji mmoja hodari. Lilijaza walipokuwa wamesikika kama sauti moja.

Baba, tunza watoto wetu walio mbali. Wape mishahara yao, wape afya, warudishe salama. Wale wanaokutumikia nyuma, watie nguvu. Tufundishe kusikilizana. Kwa jina la Yesu.

Ukipokea, andika Amina. Kisha kabla jua halijatua, mpigie simu mtu mmoja anayekutumikia bila kuonekana, umwambie asante. Ijumaa tukutane kwenye kesha, saa tatu usiku. Mungu awabariki.