Hodi kwenye makumbusho

Huko Lamu, kwenye vichochoro vya nyuma ya bandari, kuna nyumba ya mawe ya karne ya 18 ambayo sasa ni makumbusho. Zamani za wenyewe, mgeni wa kiume aliishia kwenye daka, akaketi barazani. Ndani, chumba chenye ukuta uliojaa zidaka, kilikuwa cha akina mama. Siku hizi tikiti yako ndiyo hodi yako.

Nilipompeleka mama, alikataa katakata kuingia ndani. "Hatujaitikiwa," alisema. Alisimama msanani akibisha hodi mpaka mfagiaji mmoja wa kike akamjibu, "Karibu, mama!" Birika la chooni ndilo lililomfurahisha: wazee walifuga visamaki humo vile viluwiluwi vya mbu.

Mimi sipingi makumbusho, msomaji. Ni nyumba ngapi za namna hii zimeanguka, boriti zikaoza? Lakini mtembezaji wetu aliipita nyumba ya kati, walimozaliwa watoto na kuoshwa maiti wa jamaa, kwa maneno mawili tu. Mama akabaki nyuma pale, akasoma Fatiha.