Alama 27 za Mganga wa Kitabu

Wanachuo wenzangu, kuna mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukaanza kuuzwa mwaka 1974 kutoka mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anakuwa mhusika, na mambo magumu yanaamuliwa kwa dadu ya pande 20. Ila kabla ya kuanza lazima ugawe alama, na ukitaka kuwa mtu wa uganga, ubishi wote uko hapo.

Sifa ni sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Kwa toleo la 2014, njia moja ya kugawa ni hii: kila sifa inaanza na 8, halafu unapewa alama 27 za kupandisha, mwisho 15. Bei haiko sawa. Kutoka 8 kufika 13 unalipa alama 5, lakini kufika 14 unalipa 7, na 15 unalipa 9. Piga hesabu: ukitaka 15 tatu, alama zako zote zimeisha na sifa tatu zilizobaki zinakaa na 8. Yaani mchezo haukuulizi tu unataka nini. Unakuuliza uko tayari kukosa nini.

Likizo iliyopita, msimu wa machungwa, niliupeleka nyumbani Muheza. Tulikuwa wanne barazani kwa bibi: mimi msimulizi, dada yangu, jirani mmoja wa kidato cha sita, na binamu yangu anayeendesha bodaboda. Dadu ya pande 20 Muheza utaitoa wapi? Tulikata vikaratasi 20, tukaviandika namba, tukavitia kwenye kopo.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Mhusika anayesoma kitabu chake cha uganga, kwa Kiswahili unamwitaje? Jirani akasema "mchawi". Bibi alikuwa anapepeta mchele pale pembeni, akaacha. "Nyie watoto, neno hilo msilichezee hapa kwangu." Na ana haki. Nchi hii ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, na bado kuna vikongwe, hasa Kanda ya Ziwa, waliouawa kwa sababu mtu aliwaita hivyo. Tukauliza basi tumwiteje. Bibi akauliza huyo mtu wenu uganga wake kaupata wapi. Kausoma, tukamwambia. "Basi huyo mganga wa kitabu. Mchawi ni mwingine."

Swali la bibi ndilo swali la mchezo wenyewe. Kule nako wanagawa watu wa uganga kwa chanzo cha nguvu zao, na chanzo ndicho kinachoamua sifa ipi uilipie. Aliyesoma hutegemea akili. Aliyezaliwa nayo hutegemea haiba, na aliyefunga mapatano na kiumbe chenye nguvu vilevile. Mtu wa dini na mtu wa msituni hutegemea busara. Pwani hii hatuhitaji kufundishwa hayo. Tuna wa kitabu anayepiga falaki, tuna wa pepo, tuna wa mitishamba anayejua kila mzizi wa milima ya Amani. Na wa kuzaliwa nayo? Mwaka huohuo wa 1974, Wisconsin hiyohiyo, chapa ya chuo kikuu chao ilitoa kitabu cha mwanahistoria Steven Feierman kuhusu ufalme wa Wasambaa. Humo yumo Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ngulu, na ukoo wake uliotawala kutoka Vuga, ambao wafalme wake waliaminiwa kuwa na uganga wa mvua. Huo haukuwa wa kusomea darasani, ulikuwa wa ukoo.

Haya, tukagawa. Dada alitaka akili, busara na haiba zote 15. Mganga mzuri kwa macho, lakini ustahimilivu 8 unampunguzia uhai, akaanza na uhai wa 5. Kibwengo mmoja akamtupia mshale mmoja, akalala chini.

Binamu akasema na yeye anataka mganga wa kitabu. Jirani akacheka: "Wewe na ziro yako ya fomu foo, akili 15? Chukua mpiganaji bwana." Pakawa kimya kidogo. Binamu hakupandisha sauti. "Alama si zangu? Niandikie." Akili 15, ustahimilivu 14, wepesi 14, busara 12. Jumlisha: 9 na 7 na 7 na 4, ni 27 kamili. Nguvu na haiba akaziacha na 8. "Kubeba mizigo mtanibebea. Kubembeleza watu atabembeleza dada."

Mganga wa kitabu anaanza na mafundo sita kitabuni, na kwa akili 15 anaandaa matatu kwa siku. Binamu akaandaa usingizi, zindiko la kujikinga, na ukungu. Jirani akashangaa, ukungu unaua nani? Binamu anapeleka abiria Amani, anaijua ile barabara asubuhi. "Ukungu hauui mtu. Ila kila mtu anapunguza mwendo."

Vibwengo walipotuzunguka, akautandaza. Sasa ukungu huo unadumu ukiwa umeushikilia moyoni. Ukipigwa, unajaribiwa kwa ustahimilivu, upate 10 au zaidi. Akapigwa mshale, uhai wake wa 8 ukabaki 3. Akatia mkono koponi, akatoa kikaratasi: 8. Ustahimilivu wa 14 unaongeza 2. Kumi kamili. Ukungu ukabaki, wenzake wakamburuta dada wakapita. Angekuwa na ustahimilivu wa 8 angepunguziwa moja, akapata 7, na hadithi ingeishia pale. Jirani ndiye aliyepiga hesabu hiyo kwa sauti, halafu akanyamaza.

Nililolipenda kwenye karatasi ile ni kwamba akili, busara na ustahimilivu vina mistari mitatu tofauti. Sisi huku chuo tuna mstari mmoja, GPA, na nyumbani wana divisheni. Sote tunamjua yule jamaa mkali wa hesabu aliyedisko mwaka wa pili. Akili alikuwa nayo, bumu lilipochelewa na sapu zikarundikana hakuwa na cha kushikilia ukungu wake. Na tunawajua wa ziro wanaopanga siku nzima ya barabara kichwani bila kukosea. Mchezo haukumpa binamu akili. Ulimwachia tu kalamu aijaze mwenyewe.

Ukitaka kujaribu, kanuni za msingi zimewekwa huru mtandaoni tangu Januari 2023, bure kabisa. Tafuta watu wanne, kopo na karatasi. Ukiwa mganga wa kitabu, lipia akili kwanza, kisha ustahimilivu, ndipo wepesi. Na aliyekaa pembeni akikwambia wewe si wa kitabu, mwambie akuhesabie tu alama zako kama zimefika 27.