Risasi Huchaguliwa Kabla ya Bunduki

Mkulima hana usingizi mahindi yanapoanza kutia maziwa. Katika Trans Nzoia mbegu hutiwa ardhini mwezi wa Machi au Aprili, na ifikapo Julai shamba hugeuka karamu ya kila kiumbe: tumbili mchana, nungunungu usiku, na fuko chini ya udongo saa zote.

Karamu hiyo ndiyo iliyomtoa mkulima mmoja Kiminini, karibu na mji wa Kitale, akapanda matatu hadi Bungoma kumwona baba yake. Tumbili walikuwa wamemaliza mistari minane ya mahindi mabichi upande wa mto, na karo ya mwanawe aliyekuwa chuo kikuu ilikuwa katika mahindi hayo hayo. Aliazimia kuomba leseni ya bunduki. Alifuatana na mwanawe huyo, aliyekuwa na daftari lenye orodha ya silaha.

"Kuka," mjukuu alianza, akimwita babu kwa Kibukusu, "hizi ndizo tulizozifikiria."

Akasoma. Kwanza .22 ya kawaida, ambayo risasi yake ina uzito wa gramu 2.6 hivi na huondoka kwa mwendo wa mita 330 hadi 380 kwa sekunde. Kishindo chake ni kidogo. Pili .22 Hornet, yenye risasi ya gramu 2.9 na mwendo wa mita 820. Tatu .222 Remington, iliyotolewa mwaka wa 1950, ambayo hurusha gramu 3.2 kwa mita 950 hivi. Mwisho ilikuwa .303, bunduki iliyotumiwa na majeshi ya Uingereza katika vita viwili vikuu, yenye risasi ya gramu 11.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nyuma ya tumbili kuna nini?"

Baba na mwana walitazamana.

Mzee hakuuliza kwa kubahatisha. Utoto wake aliupitisha katika shamba la mlowezi huko Trans Nzoia, nchi ambayo kuanzia mwaka wa 1919 sehemu yake iligawiwa wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani. Kazi yake ilikuwa kubeba mkoba wa risasi. Alijua kwamba .303 humpitia mnyama mdogo kama tumbili na kuendelea na safari yake. Alijua pia kwamba risasi nyepesi, yenye kasi kubwa na ganda jembamba, aghalabu huvunjika vipande vipande igusapo udongo. Lakini .22 ya kawaida, ambayo wengi huidharau kwa udogo wake, haina haraka ya kuvunjika. Ikigonga jiwe au maji kwa kupapasa, huruka upande usiotarajiwa. Na ikiwa haina kizuizi, huweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu.

"Siku moja bwana shamba alimkosa tumbili kando ya mto," mzee alisema. "Risasi ikagonga jiwe. Mama yangu alikuwa akipanda mlima, debe la maji kichwani. Debe likatoboka. Maji yalimtiririka usoni, naye akasimama vivyo hivyo akijipapasa, akidhani ni damu. Mimi ndiye niliyekuwa nimempa bwana risasi ile."

Kimya kilitanda. Kisha mjukuu akasema kwa upole, "Basi, Kuka, tuchague ile inayovunjika."

"Ingefaa, kama tumbili angesimama mbele ya ukingo wa udongo. Lakini yeye hukaa mtini. Nyuma yake ni mbingu, na baada ya mbingu ni paa la jirani. Bwana yule alikuwa na mamia ya ekari. Baba yako ana tatu, na njia ya watoto wa shule inapita katikati."

Mwana alijaribu kutetea haja yake: mwenye njaa hana miiko. Hata hivyo alijua kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 haimpi mkulima ruhusa ya kujiamulia. Leseni ya bunduki si leseni ya kumpiga tumbili.

Jioni hiyo mzee alimwonyesha mjukuu mtego wa fuko. Alifukua njia yake, akategesha kitanzi cha waya tunduni, akakifunga kwa kamba kwenye mti uliopindwa. Fuko hachukii kitu kama mwanga na upepo nyumbani mwake. Huja akisukuma udongo ili azibe tundu, huikata kamba iliyomzuia, na mti hufyatuka.

"Mtego huu hauna nyuma," mzee alisema. "Unamkamata aliyekuja, basi."

Kwa tumbili hapakuwa na mtego. Paliwekwa mbwa wawili, vichaka vya kando ya mto vikafyekwa, na watu wakapokezana zamu ya kupiga madebe tangu alfajiri. Mkulima alivuna pungufu ya alivyotarajia, na sehemu ya karo ililipwa kwa kuuza mbuzi. Lakini msimu wote ule watoto walipita njia yao kwenda shule na kurudi, wala hapana aliyewaambia wainame.