Kujikana Si Kuacha Soda Tu

Msimu wa Kwaresima unapowadia, bila shaka huwasikia watu wengi hapa mjini wakitangaza walichokiacha. Huyu ameacha soda, yule nyama choma, naye mwanafunzi wa chuo ameacha filamu. Si vibaya. Lakini siku 40 zikiisha, soda hurudi mezani na mtu ni yule yule, na maneno makali anayomrushia yaya ni yale yale.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Injili zinamtaka anayemfuata Yesu ajikane na kuubeba msalaba wake, na ni Luka pekee, katika sura ya 9, anayeongeza kwamba jambo hilo ni la kila siku. Neno hili ni la ukoo mmoja na lile linalotumiwa kumhusu Petro usiku ule alipokuwa akiota moto uani kwa kuhani mkuu. Kijakazi alimtambua, naye akamkana bwana wake, akasema hamjui. Basi kujikana ni kujisemea hivyo wewe mwenyewe: huyu bwana mkubwa aliyemo ndani yangu, anayetaka kutajwa na kushukuriwa, simjui.

Pana jambo hapa ambalo baadhi ya wahubiri hulipita mbio. Anayejikana ni mtu mwenyewe, kwa hiari yake. Mume anayempiga mkewe kisha akamwambia ajikane, au tajiri anayemnyima mfanyakazi mshahara miezi mitatu huku akimhimiza ajitoe kwa Bwana, huyo hahubiri, ananyang'anya. Ukiambiwa hivyo, dada yangu, tafuta msaada.

Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilielewa jambo hili vyema. Uamsho huo ulichipuka Uganda na Rwanda. Mwaka 1929 Mganda Simeon Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kufikia 1937 moto huo ulikuwa umeingia Kenya. Walioguswa walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakaungama hadharani. Fikiria karani anayerudi ofisini kumwambia mkubwa wake kwamba pesa zile ni yeye aliyezichukua. Huenda akafutwa, huenda akafungwa. Hazirudishi pesa peke yake. Anatoa pia jina zuri alilolijenga kwa miaka mingi, na yatakayofuata anamwachia Mungu. Soda ni rahisi zaidi!

Mimi nalipima neno hili nyumbani kwangu. Tangu mwaka jana mama mkwe wangu, aliyepata kiharusi, anaishi nasi katika nyumba yetu ya vyumba viwili mtaani Umoja, Nairobi. Watoto walimpisha chumba chao, sasa hulala sebuleni. Mume wangu aliacha kazi yake ya ziada ya Jumamosi, nami nikaahirisha masomo ya jioni. Akina mama kanisani husema kwamba nimejikana. Lakini kumgeuza kitandani, kumwosha na kumnywesha uji ni kazi ambayo mikono huizoea baada ya majuma machache. Hata masomo yanaweza kungoja.

Kinachouma ni kwamba ugonjwa umemvuruga kumbukumbu, akawa ananiita kwa jina la mke wa shemeji yangu, ambaye huja Krismasi na Pasaka na mkate na pakiti mbili za maziwa. Wageni wakija, mama humsifu yule kwa yote. Ati ndiye anayemwosha, ndiye anayeamka usiku. Mume wangu hunitazama, nami hutazama sufuria. Midomo huniwasha kumsahihisha.

Mungu namweleza waziwazi kwamba jambo hili linaniuma, maana sijaona alipomkataza mtu kusema anaumia. Kisha namwachia. Asubuhi nakuta uchungu umerudi pale pale, nami naanza upya. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini Luka aliongeza yale maneno mawili.

Saa nane za usiku mama huamka akitaka maji. Huita jina lile lile. Mimi huitika, "Naam, mama," nikawasha taa.