Kovu la Baba

Msomaji, ukitaka kuelewa kazi ya matabaka katika picha, twaa vipande vitatu vya kioo. Juu ya kimoja chora mlima, juu ya cha pili mti, na juu ya cha tatu mtu. Vipange kimoja juu ya kingine, na jicho litaona picha moja. Usipopendezwa na mtu wako, ondoa kioo chake tu. Mlima na mti havitadhurika. Programu nyingi za kutengenezea picha katika simu hufuata kanuni hiyo, na ndiyo iliyonivuta kuzipenda.

Mwaka juzi dada yangu aliolewa hapa Machakos. Tulipiga picha ya jamaa nzima, na mama akaniomba nimweke marehemu baba kando yake. Baba aliacha picha moja tu. Ile ya karatasi ilikwisha kuliwa na mchwa. Iliyosalia ni nakala niliyoipiga kwa simu kabla mchwa hawajamaliza kazi yao. Tangu chuo cha ualimu nilikuwa nikisifiwa kwa mkono wa kuchora, basi sikusita.

Kwanza nilimsafisha baba. Kifutio cha kasoro ni chombo chenye utamu wake: nilifuta mikunjo ya karatasi, nikafuta madoa, na kidole kilipokwisha kuzoea kikafuta na alama moja juu ya jicho. Nikabonyeza pa kuhifadhi. Programu ikayayeyusha matabaka yote yakawa kitu kimoja, ikakiweka mahali pa picha ya kwanza, bila ya kuniuliza neno. Mimi sikujua. Niliendelea kwa furaha, nikamweka baba juu ya picha ya arusi, na juu yake tabaka la kivuli, nililolififisha mpaka likalingana na jua la siku ile.

Mama alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu, kovu liko wapi?”

Kovu lile baba alilipata kwa jiwe, akichimba matuta ya fanya juu pamoja na mwethya, kundi la majirani wa Ukambani wanaosaidiana kazi. Jina laeleza kazi yenyewe: udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu wa mteremko, ukawa ukingo wa kuzuia maji. Kwa jasho la namna hiyo milima yetu ilipona. Mwaka 1937 ilipigwa picha ikiwa na makorongo na ardhi iliyo uchi. Mwaka 1991 watafiti wakapiga tena kutoka mahali pale pale, na picha zao zaonyesha matuta na miti. Lau mtu angalizipamba zile za kwanza kwa kuona haya, tungalilinganisha nini na nini?

Niliitafuta picha ya asili usiku kucha, haikuwako. Alfajiri nikawaandikia wenye programu maoni yangu. Sikuwatukana, maana chombo chao ni kizuri, na kifutio hakikujiendesha chenyewe. Niliwaomba picha ya asili ikae chini kabisa, imefungwa, isiguswe; na matabaka yasiunganishwe kabla mwenyewe hajaulizwa kwa lugha anayoielewa. Mafundi wa zamani walikuwa na kinga hiyo. Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio Lamu, alijulikana kwa picha za kuunganisha, alizozifanya kwa mkono miaka mingi kabla ya simu hizi. Fundi wa filamu akiharibu karatasi alikuwa na hasi yake sandukuni, akaanza upya. Wenye programu walijibu kwa shukrani fupi. Badiliko sijaliona.

Mama hakukubali kukaa na mume asiye na kovu. Nikafungua tabaka jipya, nikalichora juu ya jicho la kushoto, taratibu, kama nilivyolikumbuka. Akatikisa kichwa: lilikuwa jicho la kulia. Kaka yangu aapa kuwa ni la kushoto. Tabaka lile ningali nalo katika simu, peke yake, halijaunganishwa na lolote. Na kila ajapo jamaa aliyemjua baba, humpa simu mkononi naye akalisogeza.