Kuta za Banda la Gari

Akina mama wengi tunajua kuchagua mapazia ya sebuleni, lakini banda la gari tunamwachia baba na fundi wake. Hapa kwetu Jangwani tunahitaji kuliangalia upya jambo hili. Mabanda haya yamekuwa stoo ya unga na mkaa, chumba cha cherehani, hata mahali pa kulala mgeni. Kuta zake zinahusu afya ya familia.

Tunakaa jirani na bonde la Mto Msimbazi. Mvua za Desemba 2011, kubwa kuliko zote zilizonyesha jijini kwa zaidi ya miaka 50, ziliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Katika banda letu maji yaliacha mstari wa tope usawa wa kiuno. Mstari huo ndio tuliopimia kila kitu tulipoamua kuzitengeneza kuta, kwa sababu mjukuu wetu mwenye pumu husomea humo jioni.

Fundi alitaka bodi za jipsamu. "Mama, patang'aa kama ofisini," alituambia. Ni kweli, zinapendeza. Lakini bodi hizo zimefunikwa karatasi mbele na nyuma. Zikinywa maji hulainika na kumomonyoka, na karatasi huota ukungu. Sisi wauguzi tunajua ukungu unavyombana kifua mwenye pumu. Usiku wa kumkalisha mtoto kitandani apate pumzi ni mrefu mno. Tulikataa.

Baba watoto naye alipenda plaiwudi, atundike zana zake. Plaiwudi hushika misumari vizuri, ila huvimba kwa maji, huliwa na mchwa na huwaka upesi, na bandani huwekwa mafuta ya taa na petroli. Walioona moto wa Soko la Kariakoo Julai 10, 2021 hawahitaji kuelezwa zaidi. Tukaafikiana: ubao mmoja tu wa zana, juu ya ule mstari wa maji, na mafuta yahifadhiwe nje. Vigae vingefaa, kwani huoshwa vikatakata, lakini mfuko haukuruhusu.

Tulichagua lipu ya saruji na kupaka chokaa juu yake. Chokaa ni rahisi, ukungu hauipendi, na huruhusu ukuta kupumua. Rangi ya mafuta husafishika vizuri, lakini ukutani penye unyevu hufanya malengelenge na kubanduka.

Kabla ya kupaka chochote, fanya jaribio hili. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa gundi ya karatasi, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Subiri ukauke, au tafuta yanakoingilia maji. Sisi tulisubiri wiki tatu, ingawa fundi alinung'unika.

Yapo mengine matatu. Kwanza, matundu ya hewa yasizibwe kwa ajili ya urembo, na gari lisiachwe likiunguruma bandani hata mlango ukiwa wazi: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Pili, ukikuta mabati ya zamani ya asbestosi, usiyakate wala kuyavunja, maana vumbi lake huharibu mapafu. Tatu, maji ya mafuriko yakiingia, yahesabu kuwa ni maji ya choo: vaa glavu na viatu vya mpira, osha kuta kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini, na watoto wakae mbali.

Akina mama wenzetu, fundi akija na sampuli zake, mwulizeni swali moja kabla ya bei: kitu hiki kikilowa, kitakuwaje? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe usipochaguliwa vema utalipiwa hospitalini.